Kifurushi Kilichoshonwa

Jumatatu, 3 Machi

Kola za sare za kipaimara bado. Vifungo bado. Mvua tangu alfajiri, barabara yetu hapa Mfaranyaki tope tupu, wateja hawaji. Umeme umekatika, lakini cherehani yangu ni ya kukanyaga, haijui habari za umeme. Nimeweka sare za watu pembeni nikamaliza kaptula za Elia. Dhambi ndogo.

Mjukuu wangu huyo sijamshika bado. Kazaliwa Oktoba huko Ujerumani, mama yake Stela ni nesi huko. Stela ndiye mwanangu wa pekee, na mtoto wake namwona kwenye simu tu. Kichwa kile kile cha marehemu babu yake. Nikimwona nacheka, simu ikizimwa nanuna.

Mchana akaingia wifi Gaudensia. Nilidondosha mkasi. Dada mkubwa wa marehemu mume wangu, anakaa Bombambili, si mbali, lakini tangu Stela azae hajakanyaga hapa. Mtaa mzima unajua kwa nini. Stela hakumleta mwanaume nyumbani. Hakuna aliyetumwa kupiga hodi kwa shangazi, hakuna aliyeulizwa, tukasikia tu mtoto kazaliwa. Wifi akasema kwenye msiba mmoja, watu wanasikia: "Mtoto huyo mimi simjui." Maneno yakafika Ujerumani kabla mimi sijafika nyumbani. Stela na shangazi yake hawajasemeshana mpaka leo.

Kaweka kifurushi juu ya meza ya kukatia. Kitambaa cheupe cha marekani, kimeshonwa pande zote kwa uzi mweusi. "Ukimtumia Stela vyako, tia na hiki. Usikifungue. Sitaleta kingine." Basi. Hakukaa. Maji hakunywa.

Nimekibonyeza. Laini. Ni mbeleko, sina shaka. Kwenye ukoo wa mume wangu mbeleko ya mtoto wa kwanza hutoka kwa shangazi wa mama yake. Hainunuliwi na bibi, haishonwi na bibi. Ndiyo maana mimi nimemshonea Elia kila kitu isipokuwa hiyo. Nilishajua haitakuja. Imekuja.

Nimelia kidogo. Nikasogea mbali na sare za watu nisizichafue.

Jumanne, 4 Machi

Stela kapiga. Nimemwambia nguo na kahawa ziko tayari. Habari za kifurushi cha shangazi yake sikumwambia. Wifi hakunipa ruhusa.

Ukoo wa mume wangu ndivyo walivyo. Zawadi inafungwa, haitajwi. Aliyepewa haifungui mbele ya aliyetoa. Na bei haisemwi kamwe, maana ukitaja bei ni kama unadai ulipwe. Nilipoolewa nilicheka mila hizo. Sasa nazifuata kuliko wao.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetoka posta na hasira.

Nilidhani unaandika jina la mtu, unalipa, unaondoka. Kumbe kuna fomu ya forodha. Dada wa dirishani, kitambulisho chake kinasema Upendo, kanisomea kipengele kwa kipengele. Jina la mtumaji liwe lile lile la kwenye kitambulisho cha taifa. Jina la mpokeaji, mtaa, namba ya nyumba, mji, simu yake. Hayo sawa. Halafu jedwali. Kila kitu mstari wake: ni nini, vingapi, uzito, thamani.

Nikaandika neno moja kwa herufi kubwa, likafunika jedwali lote: ZAWADI. Kwenye thamani nikaandika HAKUNA.

Upendo akanirudishia. Kwa adabu, lakini akanirudishia. "Mama, zawadi ni sababu ya kutuma. Wao wanataka kujua ni kitu gani." Na thamani lazima iwepo, hata kama hukununua, hata kama hakuna anayelipa. Nikamwambia kwetu zawadi haitiwi bei. Akasema kwa wale wa forodha kitu kisicho na bei kinatia mashaka. Nilijisikia nimetukanwa, na aliyenitukana hakuwa yeye.

Fomu ya pili. Shati za mtoto, za pamba, mpya. Kaptula za mtoto. Kahawa ya Mbinga, iliyokaangwa na kusagwa. Akanisaidia kuweka Kiingereza. Mpaka hapo tulikwenda vizuri.

Akashika kifurushi cha wifi. "Na hiki?"

"Nguo za mtoto."

"Umekifunga mwenyewe?"

"Ndiyo."

Ulinitoka haraka uongo ule, kama jina langu. Akakibonyeza kama nilivyokibonyeza mimi. Akaniangalia. "Sahihi ni yako, mama. Ukisaini umesema unajua kila kilichomo ndani." Nikasaini.

Mwisho kuna visanduku viwili. Kifurushi kikishindwa kumfikia mwenyewe, kirudi kwa mtumaji au kiachwe huko huko. Kukirudisha kunaweza kuwa na gharama. Nikataka kusema kiachwe, maana kwa nini kisifike? Halafu nikauona ule uzi mweusi. Nikaweka alama kwenye kirudi.

Njiani nikajiuliza kwa nini sikukifungua tu. Mimi fundi. Naweza kufumua mshono wa mtu nikaurudishia na mwenyewe asijue. Wifi anatumia mkono wa kushoto, mishono yake inalala upande usio wa kawaida, lakini hata huo naujua. Sikutaka. Aliniamini mara moja tangu niolewe, sikutaka kuiharibu imani hiyo.

Jumapili, 9 Machi

Misa ya kwanza. Wifi kakaa benchi langu. Hakunisalimia mpaka mwisho. "Umetuma?" Nimetuma. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Benchi moja. Mama Festo nyuma yetu alikuwa anakodoa macho mpaka akasahau kupiga magoti. Nilifurahi mno.

Jumatano, 2 Aprili

Stela anafuatilia kwa ile namba ya kwenye stakabadhi. Anasema kifurushi kimeshaingia Ujerumani. Kashukuru kabla hajakiona. Nikawa nataka kusema, subiri, kuna kingine ndani yake. Nikauma ulimi.

Nimeshona mpaka mgongo unauma. Pasaka inakuja, kila mtu anataka gauni jana.

Jumatatu, 14 Aprili

Mbaya.

Stela kapiga akiwa kazini, yuko kwenye mapumziko, sauti ya chini. Kapata barua ya forodha. Wamekifungua. Fomu inasema nguo za mtoto. Ndani ya furushi lililoshonwa wamekuta kitu cha mmea, kimekauka, hakikuandikwa. Wanamuuliza ni nini, nani kakituma, ni cha kazi gani.

"Mama, mmeweka nini humo?"

Nilisaini kwamba najua, na sijui.

Angalau ningesema kimetoka kwa nani. Nilifungua mdomo nikaufunga. Hebu fikiria. Shangazi aliyesema mtoto simjui, anatuma mizizi imefichwa ndani ya kitambaa, imeshonwa pande zote, bila neno. Stela angeelewa nini? Mimi mwenyewe, nilipokaa chini, moyo uliniuliza swali hilo. Nimeufukuza. Lakini uliuliza.

Nikamwambia sijui, mwanangu. Akasema, "Uliandika nguo, ukasaini." Hakupayuka. Ingekuwa afadhali apayuke. Jina lake limeshaandikwa huko, na yeye ni mgeni kwenye nchi ya watu, ana vibali vya kuomba kila wakati.

Asipoweza kueleza, watafanya kile mtumaji alichochagua. Nimetafuta nakala ya fomu kwenye mkoba. Kirudi. Asante Mungu kwa kile kisanduku.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Kanisa limejaa nguo zangu. Sikuona hata moja.

Wifi: kimefika?

Mimi: bado, safari ndefu.

Si uongo. Ila si ukweli pia. Kula sikula vizuri.

Jumapili, 11 Mei

Wifi kauliza tena. Nikasema bado. Akasema mtoto wa Mama Festo katumiwa simu kutoka Dar na imefika, na barua za kanisa zinatoka Ulaya na kufika, ni hiki tu kisichofika. Halafu akasema polepole, kwa Kingoni, kwamba hajalala vizuri tangu akilete.

Hapo ndipo pa kusema. Nilikuwa na neno mdomoni. Wanakwaya wakapita katikati yetu na ngoma zao, nikashukuru. Mwoga mimi.

Jumapili, 1 Juni

Wifi kahama benchi.

Baada ya misa nikamfuata nje. "Shikamoo, wifi." Aliitikia marahaba akiangalia lango. Akasema: "Kimefika siku nyingi. Stela hataki tu kusema. Nimemtumia kitu ambacho sikumpa mtu, kakaa kimya. Basi na mimi nimejua."

Nikasema siyo hivyo. Akasema siyo hivyo ni vipi? Watu walikuwa wanatoka. Akaondoka.

Nimefanya kitu kibaya kuliko alichofanya Stela. Nimekaa katikati yao kwa mdomo uliofungwa, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenye roho mbaya.

Jumatano, 18 Juni

Baridi. Vidole havishiki sindano. Stela katuma video. Elia amesimama kwa kushika kiti, akaanguka kwa makalio, akacheka. Nimeiangalia mpaka chaji ikaisha.

Halafu nikafadhaika. Mtoto anakua. Karibu atatembea. Mbeleko haina kazi kwa mtoto anayekimbia.

Jumanne, 8 Julai

Kimerudi.

Upendo kanipigia simu. Nimeacha mteja na kipimo shingoni. Boksi limechoka, lina vibandiko vya lugha za watu, kona moja imebonyea. Nikalibeba kifuani mpaka nyumbani, sikutaka kulipakia nyuma ya bodaboda.

Nguo za Elia zimo zote. Kahawa imo. Kifurushi cha wifi wamekikata kwa kisu upande mmoja, mshono wote, wakafunga tena kwa utepe wa plastiki. Sikuhitaji kukifungua. Kilishafunguliwa.

Kitu cha kwanza nilichotoa ni mfuko mdogo wa nailoni, wamebandika karatasi nyekundu juu yake. Mizizi mikavu. Nikanusa. Nikacheka peke yangu, halafu nikalia. Ni ile ya tumbo. Inachemshwa, mtoto anapewa kijiko akisokotwa. Mama mkwe alimpa Stela hiyo hiyo. Na mimi nilikuwa nimefikiria mambo mengine. Nisamehewe.

Kitu cha pili, kaniki.

Si mbeleko mpya. Kaniki ya zamani, nyeusi imeshakuwa ya kijivu, imefuliwa mpaka inapitisha mwanga. Kona moja ina kiraka chekundu. Nikakaa chini sakafuni.

Naijua. Sijawahi kuiona lakini naijua. Mume wangu alikuwa akisimulia. Mama yao alikuwa akienda shamba na kumwacha yeye mdogo kwa dada yake, na dada mwenyewe bado mtoto. Akambeba mgongoni siku nzima, kisimani, kwenye kuni, kwenye michezo ya wenzake. Kaniki yenye kiraka chekundu. Wifi hakujaliwa mtoto wake mwenyewe. Aliyembeba maishani ni kaka yake tu, na kaka yake tumemzika.

Ameitunza miaka yote hii. Na ametaka imbebe Elia.

Jumatano, 9 Julai

Leo sikufungua kibanda changu cha kushonea. Nimekaa na kile kitambaa cha marekani na uzi mweusi.

Nimeshaelewa fomu. Ningetoa mizizi, ningeandika kaniki vizuri, ningeshona upya, ningetuma. Stela angepokea, wifi angeshukuriwa, na hakuna ambaye angejua kilikwenda kikarudi. Hakuna ugomvi. Nimegeuza kitambaa chini juu ili mishono ilale upande wa wifi. Nimepachika sindano pale pale alipopachika yeye. Nimeshona upande wote uliokatwa.

Kazi safi. Hata yeye asingejua.

Halafu nikamwona Stela akilini. Yuko jikoni kwake huko, anaangalia ule mshono kabla ya kuukata, anasema, huu mkono wa shangazi. Na ni mkono wangu.

Nimefumua yote. Uzi nimeutupa.

Alhamisi, 10 Julai

Bombambili. Wifi alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikaweka kifurushi kilivyo, kimekatwa, utepe wa plastiki unaning'inia. Akakiangalia, mikono ikasimama.

Nimesema yote. Sikujitetea. Kwamba sikukifungua, kwamba nilisema nimekifunga mwenyewe, kwamba nilisaini. Kwamba kilikaa forodhani, kikarudi, na mimi nilijua tangu kabla ya Pasaka nikanyamaza.

Nilitegemea anitukane. Swali lake la kwanza: "Waliona kiraka?"

Nikasema wameona.

Kaona aibu. Mama mzima, kaona aibu mbele ya watu asiowajua, kwa kiraka. Baadaye akauliza, na mzizi wameukataa? Nikamwambia hawakuukataa hivi hivi. Hawakuambiwa ni nini.

Akarudi kwenye mahindi. Nikavuta kigoda nikapukuchua na mimi. Punje zikaanguka kwenye ungo.

"Kwa hiyo Stela hajakiona."

"Hajakiona, wifi."

"Wala hajui kama nilituma."

"Hajui."

Akafuta uso kwa pindo la kitenge. Mimi nikaangalia mahindi. Miezi yote ile alikuwa amemnunia mtu ambaye hakupokea kitu.

Halafu akawa yeye tena. Kanipa maneno yangu, makali, mengine ya tangu mwaka nilioolewa. Kwamba napenda kuonekana mwema kwa kila mtu. Ni kweli. Alipomaliza akaenda ndani akaleta chai.

"Kesho twende huko posta kwako," akasema. "Nikasikie wanataka nini."

Ijumaa, 11 Julai

Naandika polepole, sitaki kusahau.

Wifi kavaa vitenge vya Krismasi. Posta watu wachache. Upendo katutambua, mimi na lile boksi. Hakutusuta. Kaleta fomu mpya na akaanza mwanzo, kila kitu mezani, kinahesabiwa, kinapimwa. Shati. Kaptula. Kahawa.

Mzizi kwanza. Upendo kasema vitu vya mimea ambavyo havijulikani, bila cheti cha wanaokagua mimea, vitaturudisha pale pale. Wifi akauliza, na mtoto akisokotwa tumbo? Upendo kasema huko kuna hospitali, bibi. Wifi akasema hospitali hata hapa zipo, tumbo haliendi hospitali usiku. Mzee mmoja nyuma yetu akacheka. Wifi kauchukua mfuko wake, kautia kwenye pochi, kaifunga zipu. Hakutaka tuone kama imemuuma. Imemuuma.

Kisha kaniki. Upendo kaikunjua juu ya kaunta. Kiraka kikawa juu. Nilitaka kukifunika, lakini wifi akanizuia mkono.

"Hii ni nini, bibi? Nahitaji kuandika ili mtu ambaye hajawahi kuona kaniki aelewe."

Wifi akajibu kitambaa. Kitambaa cha nini? Cha pamba. Kipya au kimetumika? "Wewe huoni?" Kimetumika. Cha kufanyia nini?

Hapo akashika ukingo wa kaunta. Upendo akangoja, kalamu imesimama, hakumharakisha.

"Mbeleko," akasema. Halafu, kwa sauti ya kawaida, kama anajibu jina la kijiji chake: "Ya kumbebea mjukuu wangu. Anaitwa Elia."

Sikujua kama jina analijua. Sikuwahi kumtajia. Kalipata wapi, kwa nani, kaliweka moyoni tangu lini. Upendo yeye alikuwa anaandika tu: kitambaa cha pamba, kimoja, kimetumika, cha kubebea mtoto.

Thamani. Nilijua tutakwama, na tulikwama. Wifi alikataa. Halafu alipoona hapana njia akataja kiasi kikubwa, cha ng'ombe wawili, akakunja mikono. Upendo kamweleza bila kucheka: ukiandika kubwa, mpokeaji anaweza kutozwa ushuru kabla ya kukabidhiwa.

"Nani atozwe? Stela?"

"Ndiyo, bibi. Mpokeaji."

"Shusha."

Upendo kasema hashushi wala hapandishi, anaandika bei ya kweli. Kitambaa hiki kilivyo leo, kikipelekwa sokoni, mtu atakinunua kwa kiasi gani? Wifi akakiangalia muda. Nilimwonea huruma nikataka kumwambia tuondoke. Akasema bei ya mtumba wa chini kabisa, ile ya rundo la mwisho siku ya mnada. "Andika hiyo. Ndiyo ya kweli. Mimi naijua nyingine."

Mwanamke huyu hajawahi kupunguza bei ya kitu chake chochote, hata kuku.

Upendo kanipa fomu nisaini. Nikasoma mstari kwa mstari, safari hii nikijua kila kilichomo. Nikamuuliza wifi, hatukishoni? Akasema kwa nini tukishone, wamekwisha kukiona. Tukakikunja, kiraka ndani, tukakiweka juu ya nguo za mtoto.

Kisanduku cha mwisho. Kirudi au kiachwe. Wifi akasema, "Kirudi. Lakini hakitarudi."

Jumamosi, 2 Agosti

Stela nimemwambia. Nimeomba ruhusa kwanza, wifi kasema mwambie. Nimemweleza kilichokuwa kwenye barua ya forodha, mzizi wa tumbo, kaniki, na uongo wangu wa dirishani. Akauliza kaniki ipi. Nikamwambia ile ya baba yako.



Jumatano, 13 Agosti

Kimefika. Na nimejulishwa na wifi.

Mimi, mama mzazi, niliyeshona, niliyelipia, niliyebeba boksi kifuani. Stela kampigia shangazi yake kwanza. Nimeona wivu, naandika hapa kwa sababu pengine sitasema. Nikamuuliza wifi mmeongea nini. "Tumeongea." Zaidi ya hapo hakunipa kitu.

Jioni picha imekuja. Stela kasimama dirishani, Elia mgongoni, kichwa kimelala, mdomo wazi. Kaniki imefungwa vizuri, siyo kwa kubahatisha. Na kaifunga kiraka chekundu kikiwa nje.

Wivu umeisha. Karibu wote.

Jumapili, 17 Agosti

Jua kali kidogo, upepo. Baada ya misa wifi kaja kwangu. Kakaa. Maji kanywa, chai kanywa, kaulizia chumvi kwenye maharage.

Halafu katoa kwenye kikapu kitambaa cha marekani. Nikajiandaa kuona uzi mweusi. Hakukishona. Kakikunja tu, pande nne. Kakifungua mwenyewe juu ya meza yangu ya kukatia.

"Soksi za sufu, za mtoto, jozi moja. Nimefuma mwenyewe. Kofia ya sufu, moja. Stela kasema huko baridi inaanza mapema." Mimi Stela hajaniambia habari za baridi. "Vyote vipya. Bei nitakuambia. Haya, andika."

Nikatafuta kalamu.